Adapta ya 150/50 na ile 9.5 dB: inaingia wapi hasa kwenye kuseti kiwango?

#1 Mpimaji_Mpya

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada, jambo hili nimelala nalo wiki mbili.

Niko kwenye maabara ndogo ya EMC (upimaji wa vifaa vya umeme visisumbue wala kusumbuliwa na mawimbi). Kipimo changu ni kile cha kinga dhidi ya masafa ya redio yanayoingia kifaani kupitia waya, IEC 61000-4-6, kuanzia 150 kHz hadi 80 MHz. Mteja alituletea kidhibiti cha pampu, akataka kiwango cha 10 V chenye modulesheni ya 80% kwa 1 kHz. Kwetu kilipita bila kutikisika. Mwezi uliofuata akakipeleka kwenye maabara nyingine kwa sababu ya soko analoliuzia, na huko kikafeli: kuanzia karibu 4 MHz mpaka 27 MHz usomaji wa shinikizo unaruka ovyo. Kifaa ni kile kile, kebo zile zile, na wote tumetumia CDN (boksi la kuingizia ishara ya majaribio kwenye nyaya za kifaa) ya aina ya M3, ile ya nyaya tatu.

Kilichobadilika kwetu hivi karibuni ni jigi, yaani mpangilio wa kusetia kiwango kabla ya kukipima kifaa. Tumenunua adapta mpya mbili za 150/50, zile zenye rezista ya 100 Ω ndani. Cheti chake kinasema upotevu ni 9.5 dB. Nikaingiza hiyo 9.5 dB kwenye programu, kwenye jedwali la njia ya risiva (kipokezi kinachosoma volteji), pamoja na atenueta (kipunguza ishara) ya 20 dB na kebo. Programu inajumlisha vyote kwenye usomaji, halafu inapandisha jenereta mpaka ifikie U0 (kiwango kinachotakiwa, hapa 10 V) kugawa kwa 6.

Adapta za zamani hazikuwa na cheti, kwa hiyo sehemu hiyo ya jedwali ilikuwa sifuri. Nilidhani sasa ndiyo tumekuwa sahihi zaidi. Nimekosea wapi?

#2 FundiKebo

Pole ndugu. Kabla ya kwenda kwenye mahesabu, angalia mambo ya mikono kwanza. CDN imekaa moja kwa moja juu ya bati la chini, na mguso ni wa chuma kwa chuma? Rangi au kutu chini ya CDN nimeshaiona ikiharibu matokeo yote ya juu ya 20 MHz. Kebo ya kwenda kwenye kifaa iko 30 mm juu ya bati? Na kifaa hakijakaa karibu na ukuta wa chuma?

Tofauti ya maabara mbili mara nyingi inatoka hapo.

#3 Bi_Desibeli

FundiKebo kasema kweli, hayo yaangaliwe. Ila hadithi ya namba hiyo mpya kwenye jedwali inanitia wasiwasi kuliko bati.

Mpimaji, nipe kitu kimoja tu. Mlipomaliza kuseti 10 V, nguvu ya mbele (inayotoka kwenye amplifaya kuelekea CDN) kwenye 10 MHz ilikuwa dBm ngapi, yaani desibeli ngapi juu ya miliwati moja? Na niambie imepimwa kabla au baada ya ile atenueta ya 6 dB iliyo mbele ya CDN.

#4 Mpimaji_Mpya

FundiKebo, asante. Bati ni safi, CDN imefungwa kwa skrubu, urefu wa kebo tumeupima kwa vipande vya povu vya 30 mm.

Dada Bi_Desibeli, rekodi inasema 23.9 dBm, imepimwa kwenye mlango wa amplifaya, yaani kabla ya ile 6 dB.

#5 Bi_Desibeli

Basi tumeipata. Hukupima kwa 10 V. Ulipima kwa takriban 3.35 V.

Hesabu yenyewe fupi. Kiwango cha 10 V ni volteji ya chanzo kikiwa wazi, bila mzigo. Jenereta ya 50 Ω yenye 10 V za namna hiyo inaweza kutoa kwenye mzigo wa 50 Ω nguvu ya 10 × 10 kugawa kwa 200, yaani 0.5 W. Hiyo ni 27 dBm. Ongeza 6 dB za atenueta, unafika 33 dBm. Ongeza upotevu mdogo wa CDN na kebo, uwe na 33.4 au hata 34. Wewe una 23.9. Pengo ni 9.5 dB kamili, namba ile ile uliyoiandika kwa mkono wako.

Sasa kwa nini isiandikwe. Chora mzunguko huu kwenye karatasi, usiusome tu:

Chanzo U0. Ndani yake kuna 50 Ω ya jenereta na 100 Ω iliyo ndani ya CDN, jumla 150 Ω. Upande wa kifaa umeweka adapta: 100 Ω mfululizo, kisha 50 Ω ya risiva. Nayo jumla ni 150 Ω. Mzunguko mzima ni 300 Ω, na risiva inaona 50 Ω kati ya hizo 300. Hamsini kwa mia tatu ni moja ya sita.

Hapo ndipo U0/6 ilipozaliwa. Ile rezista ya 100 Ω ya adapta imeshahesabiwa ndani ya sita. Ingekuwa haijahesabiwa, lengo lingekuwa U0/2, ambayo ndiyo volteji kwenye mzigo wote wa 150 Ω. Ukichukua U0/6 kama lengo na bado ukajumlisha 9.5 dB kwenye usomaji, umeihesabu rezista moja mara mbili. Programu inaona volteji kubwa ambayo haipo, inaridhika mapema, na jenereta inabaki chini.

Kinachoniuma kwenye kosa la namna hii ni kwamba halipigi kelele. Ukipima juu kupita kiasi, kifaa kinafeli, mteja analalamika, mnatafuta. Ukipima chini, kila mtu anaondoka amefurahi.

#6 Rezista100

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima.

Nakubali 9.5 isiingie yote. Lakini isiwe sifuri pia. Hiyo 9.5 dB ya kwenye cheti inapimwa adapta mbili zikiwa zimeunganishwa uso kwa uso. Ni upotevu wa jozi. Kwenye kuseti kiwango anatumia adapta moja tu mbele ya risiva. Kwa hiyo sahihisho lake ni nusu, 4.77 dB. Sisi ndivyo tunavyofanya.

#7 Mpimaji_Mpya

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Dada anasema adapta moja inagawa volteji kwa tatu, ambayo nayo ni 9.54 dB. Rezista100 anasema 9.5 ni ya mbili. Vyote viwili vinawezaje kuwa kweli?

#8 Bi_Desibeli

Vyote viwili ni kweli, na swali lako ndilo swali bora kwenye uzi huu. Tulieni tulifungue taratibu.

Jozi kwanza. Analaiza ya mtandao (VNA, inayopima ishara kutoka mlango mmoja kwenda mwingine), 50 Ω pande zote. Bila adapta, mlango wa pili unaona 50 kati ya 100, yaani nusu. Ukiweka adapta mbili katikati, unaona 50 kati ya 300, yaani moja ya sita. Nusu kwenda moja ya sita ni kushuka mara tatu, 9.54 dB. Hapa pande zote mbili ni 50 Ω, kwa hiyo dB za volteji na dB za nguvu ni zile zile.

Sasa adapta moja. Kwa nguvu: inapokea nguvu kwenye upande wa 150 Ω, theluthi mbili zinaungua kwenye rezista ya 100, theluthi moja inafika kwenye risiva. Theluthi moja ya nguvu ni 4.77 dB. Rezista100 yuko sahihi hapo. Kwa volteji: 50 kati ya 150, theluthi moja ya volteji, na hiyo ni 9.54 dB. Nami niko sahihi hapo. Tofauti inatokana na kwamba impidansi (ukinzani ambao ishara inaukuta) imebadilika kutoka 150 kwenda 50, na badiliko hilo peke yake linabeba 4.77 dB nyingine. Ni sadfa ya namba za 50, 100 na 150 kwamba 9.54 inajitokeza sehemu mbili kwa maana mbili.

Lakini Rezista100, tazama ulipoipeleka hiyo 4.77. Lengo lako bado ni U0/6, sivyo? Basi iwe 9.54 kwa volteji au 4.77 kwa nguvu, zote ni tabia ya adapta iliyo kamilifu, na adapta kamilifu ndiyo iliyotumika kuandika U0/6. Kinachobaki cha kusahihisha ni pale adapta yako inapotofautiana na ile kamilifu. Kama jozi yako imepima 9.82 badala ya 9.54, tofauti ni 0.28 dB kwa zote mbili. Hiyo 0.28 ndiyo ya kugawana. Kwa mtindo wenu mnapima pungufu kwa 4.77 dB: 10 V yenu ni kama 5.8 V.

Naomba uangalie nguvu ya mbele kwenye rekodi zenu leo hii.

#9 Rezista100

Nimeangalia. 28.7 dBm kabla ya 6 dB, kwa 10 V.

Nimekosa la kusema. Nashukuru dada. Narudi kwa wenzangu.

#10 Mzee_wa_Jigi

Vijana, nimesoma toka juu. Bi_Desibeli kaeleza ipasavyo, mimi naongeza kazi ya mikono.

Jozi ikipimwa 9.82, hujui ni adapta ipi yenye kasoro. Kugawa nusu kwa nusu ni kubahatisha. Mara nyingi moja imeshaanguka sakafuni na nyingine ni nzima. Dawa yake ni kupata adapta ya tatu, ya kuazima hata, na kupima jozi zote tatu: A na B, A na C, B na C. Halafu:

A = (AB + AC − BC) kugawa kwa 2, na nyingine vivyo hivyo.

Mfano, kwenye 80 MHz: AB ni 9.82, AC ni 9.70, BC ni 9.88. Basi A ni 4.82, B ni 5.00, C ni 4.88. Toa 4.77 kwa kila moja. A imezidi kwa 0.05, B kwa 0.23, C kwa 0.11. Hapo unajua B ndiyo ya kuangaliwa, na unajua sahihisho la kila moja kwa jina lake. Zipige chapa, A, B, C, kwa rangi isiyofutika.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, njia hii inasimama kama upande wa 150 Ω wa kila adapta uko karibu kweli na 150. Rezista ikishapasuka haisaidii kuhesabu. Kwa hiyo kila asubuhi ya kalibresheni chukua multimita, pima kutoka pini ya konekta mpaka ncha ya mbele: lazima usome karibu na 100 Ω. Pili, usishangae ukikuta kasoro ni ndogo kwenye 1 MHz na kubwa kwenye 80 MHz. Thamani ya rezista yenyewe haina nguvu kubwa hivyo. Hata ikiwa 103 Ω badala ya 100, inakuletea 0.09 dB tu. Kinachokula kwenye masafa ya juu ni waya mrefu wa rezista, uwezo uliojificha kati yake na ganda, na mguso mbaya wa bati la adapta na bati la CDN.

#11 Mpimaji_Mpya

Shikamoo mzee. Nimeazima adapta kwa jirani, kesho napima. Swali langu la aibu: hiyo 0.23 naijumlisha au naitoa?

#12 Mzee_wa_Jigi

Marahaba. Hakuna aibu, alama ndiyo inayowaangusha watu wazima.

Usiikariri. Jiulize: adapta yangu inakula zaidi au kidogo kuliko kamilifu? B inakula zaidi. Basi risiva itasoma chini kuliko inavyostahili hata kama kiwango kiko sawa. Kwa hiyo lengo la usomaji linashuka.

Kwa 10 V: U0/6 ni 1.667 V, yaani 124.44 dBµV (desibeli juu ya mikrovolti moja). Adapta B imezidi 0.23. Atenueta yako inaitwa 20 dB lakini cheti kinasema 20.12 kwenye 80 MHz. Kebo ni 0.31. Basi unachotakiwa kuona kwenye risiva ni

124.44 − 0.23 − 20.12 − 0.31 = 103.78 dBµV.

Ukipenda kuijumlisha kwenye usomaji badala ya kuitoa kwenye lengo, ni sawa, mradi ufanye upande mmoja tu. Nimekuta faili moja ambalo lengo lilishushwa kwa mkono na programu nayo ikajumlisha. Kila mmoja aliyeligusa alidhani mwenzake hajafanya.

#13 FundiKebo

Mzee, na ile adapta ya pili, ile inayokaa upande wa vifaa saidizi ikiwa na mzigo wa 50 Ω? Sahihisho lake linaingia wapi?

#14 Mzee_wa_Jigi

Haliingii popote. Ile kazi yake ni kuufunga mlango wa upande wa pili kwa 150 Ω. Hakuna kinachosomwa kupitia kwake. Ikiwa mbovu sana utaona kiwango kikicheza kidogo kwenye masafa ya chini, pale ambapo CDN haitenganishi vizuri. Hiyo ni dalili ya kuitengeneza. Kuiandikia sahihisho hapana.

#15 kinga_ya_waya

Naomba kuuliza kitu cha jirani. Mimi natumia klampu ya mkondo (pete inayokumbatia kebo na kuingiza ishara bila kuikata), kebo ina nyaya nyingi na hakuna CDN inayoifaa. Jigi ya klampu ni ile ya boksi lenye fimbo katikati, 50 Ω pande zote mbili, hakuna rezista za 100. Hapo pia ni U0/6?

#16 Bi_Desibeli

Hapana! Na naomba kila mwenye klampu asome hapa.

Chora tena. Klampu inaingiza volteji mfululizo kwenye fimbo, kama chanzo kilichokatwa katikati ya waya. Upande mmoja kuna 50 Ω, upande mwingine 50 Ω ya risiva. Jumla ni 100. Risiva inaona nusu. Kwa hiyo 10 V kwenye jigi ya 50 Ω ni 5 V kwenye risiva, 134 dBµV, 27 dBm. U0/6 ni ya jigi yenye adapta za 150/50 pande zote mbili.

Ukitumia U0/6 kwenye jigi ya 50 Ω unakuwa chini mara tatu. Tena 9.54 dB! Namba hii inarudi kila mahali, na ndiyo maana watu wanazoea kuiona na kudhani wameshaishughulikia.

Na angalizo la mfuko: 27 dBm si kitu cha kuingiza kwenye risiva moja kwa moja. Risiva nyingi mwisho wake ni karibu na 30 dBm, na baadhi zinaungua kabla ya hapo. Weka atenueta ya 20 au 30 dB yenye kubeba angalau watti mbili, uipime kwa VNA, na thamani yake halisi iingie kwenye jedwali. Hiyo ndiyo inayostahili kuingia.

#17 kinga_ya_waya

Asante sana dada. Na mimi huwa nafanya pia kazi za magari kwa ISO 11452-4, ambako jigi ni ya aina hiyo hiyo lakini tunapanda mpaka 400 MHz. Huko mbona mkondo niliouseti kwenye jigi na ule ninaousoma kwa probu (pete ya kupimia mkondo) iliyowekwa ndani ya jigi hiyo hiyo havilingani juu ya 200 MHz? Tofauti inafika hata 1 dB.

#18 Mzee_wa_Jigi

Hapo umegusa sahihisho la jigi lenyewe, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu watu wengi hawajui kuwa lipo.

Unaposoma 5 V kwenye mzigo wa 50 Ω unasema mkondo ni 100 mA. Ni kweli, mkondo wa *mwisho wa jigi* ni 100 mA. Lakini klampu iko katikati. Kati ya klampu na mwisho kuna kipande cha fimbo, na kwenye masafa ya juu kipande hicho si waya tena, ni njia ya mawimbi. Kama njia hiyo ingekuwa 50 Ω kamili mpaka mwisho, mkondo ungekuwa sawa kila mahali na tusingekuwa na la kuzungumza. Lakini ili klampu iingie, nafasi kati ya fimbo na ganda lazima iwe kubwa, na nafasi kubwa inapandisha impidansi ya njia. Tuseme ni 150 Ω. Sasa kuna mawimbi yanayorudi, na mkondo wa katikati unakuwa tofauti na wa mwisho.

Uwiano wake ni huu. Chukua umbali kutoka katikati mpaka mzigo, ugeuze kuwa pembe: nyuzi 360 mara umbali kugawa kwa urefu wa wimbi. Chukua kosaini ya pembe hiyo. Chukua saini ya pembe, uizidishe kwa 50 kugawa kwa impidansi ya njia. Zipandishe zote mbili kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Hicho ndicho mkondo wa katikati kwa kila kizio kimoja cha mkondo wa mwisho.

Nimewafanyia hesabu kwa njia ya 150 Ω.

Umbali wa 40 mm: kwenye 80 MHz tofauti ni 0.02 dB, isahau. Kwenye 200 MHz ni 0.11 dB. Kwenye 400 MHz pembe ni nyuzi 19.2 na mkondo wa katikati uko chini kwa 0.44 dB.

Umbali wa 100 mm, jigi ndefu ya klampu nene: kwenye 200 MHz ni 0.69 dB. Kwenye 400 MHz pembe ni nyuzi 48, na mkondo wa katikati uko chini kwa 2.9 dB.

Umeona? Mwenye jigi fupi na mwenye jigi ndefu wanaseti "100 mA" wote wawili, na magari yao yanapata vitu tofauti. Ndiyo maana nasema jigi iwe fupi kadiri klampu inavyoruhusu, kabla hujafikiria kuisahihisha.

#19 kinga_ya_waya

Mzee, impidansi ya njia yangu nitaijuaje? Haijaandikwa popote.

#20 Mzee_wa_Jigi

Jigi tupu bila klampu, VNA pande zote mbili, tazama kinachorudi kwa mtindo wa muda. Utaona kilima katikati, na kimo cha kilima ndicho impidansi. Ila kumbuka kipande kifupi kinahitaji masafa mapana ili kionekane. Pandisha VNA mpaka gigahezi kadhaa hata kama kazi yako inaishia 400 MHz. VNA ya masafa madogo itakuchorea kilima kifupi kuliko ukweli.

Na kitu kingine kinachosahauliwa: ukishaweka klampu, jigi si ile tena. Kiini cha klampu kinaongeza impidansi mfululizo kwenye fimbo. Lakini hiyo iko *kwenye* klampu, na kipande kutoka ukingo wa klampu mpaka mzigo kinabaki kama kilivyo. Kwa hiyo sahihisho la umbali linatumika kwenye kipande hicho cha nje tu, na ndani ya klampu tunakubali kwamba mkondo hautofautiani sana. Ni makadirio, si kweli tupu. Kwa klampu fupi yanatosha.

#21 Bi_Desibeli

Naomba niongeze neno moja kwa kinga_ya_waya kuhusu probu, kwa sababu mkanganyiko ni ule ule. Unapokalibreti probu ya mkondo kwenye jigi hiyo, VNA mlango mmoja kwenye jigi na mwingine kwenye probu, impidansi ya uhamisho (volteji ya probu kwa kila ampea ya mkondo) kwa dBΩ ni S21 (usomaji wa VNA kutoka mlango wa jigi kwenda wa probu, kwa dB) kujumlisha 34. Hiyo 34 ni 50 Ω kwa desibeli. Inadhani kwamba mkondo unaopita ndani ya probu ni ule wa mzigo wa mwisho. Kwa hiyo kasoro ya jigi imeshaingia kwenye cheti cha probu yako kabla hujaitumia! Ukipima kwa probu iliyokalibretiwa kwenye jigi hiyo hiyo, makosa mawili yanafichana na utaona kila kitu kinalingana. Wewe umeona tofauti ya 1 dB kwa sababu bila shaka probu ilikalibretiwa kwenye jigi nyingine, na unapaswa kushukuru.

#22 Mpimaji_Mpya

Wakuu, nimerudi na majibu.

Adapta tatu zimepimwa. Yetu ya mbele ya risiva imezidi 0.04 dB kwenye 1 MHz na 0.19 dB kwenye 80 MHz. Nimeifuta 9.5 kwenye jedwali, nimeweka mstari wa tofauti hizo tu. Nimeseti 10 V upya. Nguvu ya mbele kwenye 10 MHz sasa ni 33.3 dBm kabla ya 6 dB. Kidhibiti cha pampu kimerudishwa na mteja, nimekipima: kimefeli kuanzia 4.2 MHz mpaka 27 MHz, sawasawa na maabara ile nyingine.

Nimempigia mteja mwenyewe. Haikuwa simu rahisi.

#23 Bi_Desibeli

Umefanya vyema kumpigia wewe.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza ni amplifaya. Kiwango kimepanda mara tatu kwa volteji, na modulesheni ya 80% inapandisha kilele mara 1.8, ambayo ni 5.1 dB juu ya wimbi tupu. 33.3 na 5.1 ni 38.4 dBm, karibu watti 7. Amplifaya yenu ni ya ngapi? Ikiwa ya watti 5, kilele kitakatwa na hutajua, kwa sababu unaseti bila modulesheni. Seti upya ukiwa juu kwa 5.1 dB, uone kama usomaji unapanda 5.1 dB kweli.

La pili ni ripoti za nyuma.

#24 Mpimaji_Mpya

Amplifaya ni ya watti 10. Nimejaribu hivyo ulivyosema: usomaji umepanda 5.0 dB kwenye 150 kHz, 5.1 katikati, 4.8 kwenye 80 MHz.

Ripoti: adapta mpya ziliingia tarehe inayojulikana, ipo kwenye daftari la vifaa. Baada ya tarehe hiyo kuna vifaa 11 vilivyopimwa kwa CDN. Viwili vilifeli, na hivyo havina shaka, vilifeli hata kwa theluthi ya kiwango. Tisa vilipita. Mkuu wangu anauliza kama tunaweza kupima sampuli ya vitatu kwanza.

#25 Mzee_wa_Jigi

Tisa vyote. Kifaa kimoja kupita kwa 10 V hakisemi chochote kuhusu kifaa cha mtu mwingine. Waandikieni wote tisa leo, kabla ya kupima, maana kuna anayeweza kuwa anasafirisha shehena wiki hii.

#26 Rezista100

Kwetu ni vingi zaidi ya tisa, na ni muda mrefu. Tumeshaanza kuandika barua. Najua wengi humu mnasoma bila kuchangia: fungueni rekodi zenu, tafuteni nguvu ya mbele kwa 10 V, mlinganishe na 27 dBm kwenye mlango wa CDN. Ni dakika tano.

#27 Mpimaji_Mpya

Mzee, mkuu amekubali, barua tisa zimetoka mchana huu.

Jambo moja la mwisho kwa leo. Baada ya kusoma #16 nimefungua faili letu la klampu ya mkondo, ambalo halijaguswa tangu kabla sijaajiriwa. Jigi ni boksi la fimbo, 50 Ω pande zote. Lengo limeandikwa 124.4 dBµV kwa 10 V.

Nimefunga jigi mezani sasa hivi na atenueta ya 30 dB. Naanza nalo kesho asubuhi.